Mstari wa Maji Kwenye Fremu

6 Januari

Nimepewa madaftari manne ya kazi. Matatu ni ya vipimo. La nne ndilo hili, nimelifanya langu, maana kichwa kinachemka na Bibi ameshachoka kunisikiliza.

Nimechaguliwa. Tulikuja kumi na nane kwenye usaili, tumechukuliwa watano, kila mmoja na kijiji chake. Mimi nimepewa Michenga, kwetu. Wenzangu wanne wamesoma vyuo. Mimi nina cheti cha kidato cha nne na kibanda cha kutengeneza simu sokoni Ifakara. Mtaalamu wa mradi, Injinia Valentino, akaniuliza nimejifunza wapi kuchora ramani. Nikamwambia kwenye simu za wateja. Akaniangalia. Nikamwambia simu ikishapona lazima uijaribu kama kweli imepona, basi mimi nilikuwa najaribia ramani. Nikamwonyesha Michenga yangu, njia kwa njia, hadi vichochoro. Akaikuza kwa vidole, akasema, "Hii njia ya nyuma ya shule hata kwenye picha ya setelaiti sijaiona." Hapo nikajua nimepata.

Kazi yenyewe ni kupima hatari ya mafuriko. Unapita nyumba kwa nyumba, unauliza maji yaliwahi kufika wapi, unapima kwa tepu, unaingiza kwenye simu pamoja na mahali nyumba ilipo. Mwisho inatoka ramani: nyekundu pa hatari, kijani pa salama. Kwa ramani hiyo kijiji kitachagua pa kukimbilia masika yakizidi. Pahali pamoja kwa watu wote. Hapo ndipo yatakaa mahema ya mradi na dawa za kusafishia maji.

Ninakaa na Bibi Balbina, mama yake mama, kitongoji cha Mtoni, cha chini kuliko vyote. Nilipomweleza alinyoosha miguu, magoti yamevimba siku hizi, akasema, "Mke mwenzangu, miguu hii imebaki na safari moja. Mkichagua, chagueni vizuri. Mimi sitoki hapa kwenda mahali halafu nitoke tena hapo niende pengine."

Nikamwambia sawa, Bibi. Safari moja.

9 Januari

Siku ya kwanza na nimerudi nimepagawa.

Yaani nilifikiri nitabembeleza watu wakumbuke. Kumbe kila nyumba imejiandikia. Unapiga hodi, shikamoo, marahaba, unauliza maji yalifika wapi, na mtu anageuka tu anakuonyesha fremu ya mlango. Pale kwenye mti kuna mstari umekwanguliwa kwa msumari, pembeni imeandikwa 98, mwaka wa Elinino. Wengine wana mstari wa pili chini yake, wa mafuriko ya mwaka juzi, yale yaliyoishia Mtoni. Fremu karibu zote ni za mninga, mchwa hauli, maji hayaozeshi, na mstari wa miaka karibu thelathini bado unausoma kwa kidole.

Nimepita mbele ya mistari hii tangu nimezaliwa. Hata ya kwetu ipo, nilikuwa nikijipimia urefu.

Nimepima nyumba kumi na moja. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Silvano, ameniona nimepiga magoti mlangoni kwa watu na tepu. "Unashona nguo za milango?" Nikamwambia ndiyo mwenyekiti, masika yanakuja, isije ikalowa. Amecheka mpaka akakohoa.

12 Januari

Nyumba tisa, mbwa wanne. Mmoja amekula ncha ya tepu. Nimetoa sentimita mbili kila kipimo cha mchana.

17 Januari

Mvua ndogo. Nimemaliza Ghalani, kile kitongoji kipya palipokuwa na ghala la pamba zamani. Nyumba kumi na nne. Wengi ni jirani zetu waliohama Mtoni baada ya maji ya mwaka juzi. Maskini, hata hawakujua wanakohamia: mistari ya 98 iko kiunoni, sentimita tisini, tisini na nne. Nimewaonea huruma.

20 Januari

Shuleni, nyumba kumi na saba, zote za tofali za kuchoma, milango ya chuma. Wenyeji ni walimu na wafanyabiashara waliokuja juzijuzi. Alama hakuna hata moja. Nimeandika sifuri, sifuri, sifuri. Imekuwa kazi rahisi kama kunywa uji.

24 Januari

Imetoka. Nyumba tisini na mbili, fremu sitini na moja zenye mistari, na ramani imetoka nzuri kuliko za wenzangu wote. Mtoni nyekundu, hilo kila mtu analijua. Ghalani nyekundu. Shuleni kijani kibichi kama mpunga wa Februari.

Injinia ameiweka ukutani ofisini, akawaita wale wanne. "Angalieni mpangilio huu." Nilitoka pale natembea kwa vidole kwa furaha.

Nikamwonyesha Bibi kwenye simu. Akauliza hiki chekundu ni wapi. Ghalani. Akasema, "Ghalani? Maji yalifika Ghalani lini? Elinino mimi nilikaa Ghalani wiki mbili na mama yako. Tulianika mpunga pale."

Nikamwambia Bibi, vipimo vinasema sentimita tisini na nne. Labda ilikuwa mwaka mwingine.

Akarudi kuchambua dagaa wake.

7 Februari

Mkutano wa kijiji. Wengi wako mashambani wanafukuza ndege na kupalilia, kwa hiyo tulikuwa kama sitini. Bibi hakuja, magoti. Injinia alileta projekta, ramani yangu ikatokea kwenye shuka jeupe, na chini kabisa: Imechorwa na Restituta. Nilisoma jina langu mara kumi.

Imepitishwa. Pa kukimbilia ni Shuleni. Mwenyekiti amefurahi kwa sababu ni karibu na barabara na ofisi yake. Kibao kitachorwa, kina mshale na mtu anayekimbia.

13 Februari

Kibao kimesimama. Yule mtu anakimbia kama ana njaa. Lakini kibao ni kizuri.

19 Februari

Naandika kabla sijasahau neno hata moja.

Leo asubuhi nilikuwa napita kwa Mama Scolastica, jirani yetu wa nyumba ya tatu, naye anahamia Ghalani. Nikamkuta Fundi Evod, seremala wetu, anabomoa mlango. Hapigi nyundo ovyo. Anakata udongo taratibu kuzunguka fremu kama mtu anayetoa jino, kisha akaitoa nzima, na udongo umeshikilia pembeni.

"Shikamoo fundi. Unapeleka wapi?"

"Marahaba, Mama Ramani. Naipeleka Ghalani. Fremu ya mninga mtu aiache? Ukuta ni udongo, udongo uko kila mahali. Fremu ndiyo nyumba."

Akaifunga kwenye baiskeli, akaanza kuisukuma. Nikabaki naiangalia inakwenda. Na kwenye mguu wa fremu, upande wangu, mstari. 98. Mstari unakwenda Ghalani kwa baiskeli.

Nilikimbia nikamshika tandiko la baiskeli.

"Fundi, zile za Ghalani. Kumi na nne."

"Zote nimezipachika mimi."

"Zimetoka wapi?"

"Mtoni. Wewe si unakaa Mtoni? Hukuona watu wanahama?"

Niliona watu wanahama. Sikuona kama wamehama na milango.

Tumekaa kwenye kivuli cha ukuta uliobomolewa, yeye anavuta sigara, mimi nimefungua daftari. Nikamsomea jina moja moja. Kumbukumbu ya huyu mzee inatisha. "Hiyo ilikuwa kwa marehemu kaka yake, Mtoni. Hiyo imetoka kijiji cha Mkula, imekuja na mke. Hiyo nimeipachika mara tatu, mara ya mwisho niliipindua chini juu, mguu ulikuwa umepasuka." Imepinduliwa chini juu. Mimi nilipima mstari wake na nikaandika sentimita mia na kumi na mbili.

Katika fremu sitini na moja, thelathini na nane zimehama.

Hakuna aliyenidanganya. Niliuliza maji yalifika wapi, wakanionyesha yalikofika. Sikuuliza mlango ulikuwa wapi siku hiyo.

Na Shuleni je? Shule imejengwa baada ya 98. Kabla yake palikuwa matete matupu. Milango ya chuma haina alama kwa sababu haikuwepo, si kwa sababu maji hayakuwepo. Na mimi nikaandika sifuri. Mara kumi na saba.

Kinachoniuma zaidi: fremu yetu wenyewe Babu aliichonga Mahenge, akaivusha mto Kilombero kwa kivuko kabla ya Elinino, enzi hizo hakuna daraja, imelala juu ya magunia. Bibi amenisimulia hadithi hiyo mara mia. Mara mia nimeambiwa kwamba mlango unasafiri.

Nimerudi nyumbani nikamwambia, "Bibi, Elinino ulikaa Ghalani?"

"Wiki mbili."

"Na maji?"

"Yaliishia kwenye mkorosho wa njia panda. Nilikwambia, ukaniambia nimechanganya mwaka." Akanisogezea sahani. "Kula. Mtu hafikirii na tumbo tupu."

20 Februari

Nimefuta kila kitu Ghalani na Shuleni. Ramani ina matobo mawili sasa.

22 Februari

Siwezi kwenda kwa Injinia na hadithi ya Bibi na fundi peke yake. Nataka kipimo.

Shida ni kwamba huku kwetu macho hayasaidii. Bonde limelala kama mkeka, huwezi kusema hapa ni juu na pale ni chini. Nikamwuliza Fundi Evod mafundi wanapataje usawa wa msingi. Akatoa ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita ishirini. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha hii, mwingine ile, na maji yanasimama usawa mmoja pande zote mbili. Tofauti ya ardhi unaisoma kwenye kijiti.

Kutoka Ghalani hadi Shuleni ni mita mia nane na kidogo. Mpira mara arobaini na moja. Tumeanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaishia njiani mchana, jua limetuchoma kama mahindi. Watu wanapita na mizigo ya kuni wanauliza tunavuta maji kwenda wapi.

"Tunayapeleka shule," anajibu Fundi Evod. "Yajifunze kusoma."

23 Februari

Tumemaliza. Kisha tukarudia kutoka Shuleni kwenda Ghalani, maana sijiamini tena. Ya kwenda: mita moja na sentimita kumi na mbili. Ya kurudi: mita moja na sentimita kumi na tano.

Shuleni ni chini. Tumewachagulia watu bakuli.

Fundi Evod akakunja mpira wake begani. "Kwa mtu ambaye hajasomea, umepima vizuri." Nikamwambia na wewe hujasomea. "Ndiyo maana nimekusifu."

25 Februari

Ofisini. Nilimkuta Injinia Valentino anakunywa chai na ramani yangu iko nyuma ya kichwa chake, ukutani. Nilieleza bila kupumua. Fremu, baiskeli, mpira, sifuri.

Aliweka kikombe chini. "Rudia hapo kwenye sifuri. Uliandika sifuri mahali ambapo hukupata alama?"

"Ndiyo, Injinia."

"Sifuri ni kipimo, Restituta. Maana yake umepima ukakuta maji hayakufika. Kama hujui, unaacha wazi."

"Najua sasa."

"Ripoti imeshakwenda mkoani." Akageuka, akaitazama ramani ukutani. Nikafikiria kibanda changu cha simu, nikafikiria wale wanne wa vyuo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi niliipitisha. Ilinivutia ulivyoichora, sikukuuliza ulichouliza wewe kule kijijini. Na picha zetu za setelaiti kwa tofauti ya mita moja hazisaidii kitu." Akafungua droo, akatoa karatasi. "Mkoani nitaandika mimi. Kijijini atasimama nani?"

"Mimi."

"Watakusema."

"Wanajua kusema. Ni ndugu zangu."

Alicheka kidogo. Hakuibandua ramani ukutani. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika juu yake: INASAHIHISHWA. Nimelitazama neno hilo mpaka mlangoni.

4 Machi

Mkutano wa pili. Mvua ilinyesha asubuhi kwa hiyo watu waliacha mashamba wakaja, zaidi ya mia moja. Bibi naye kaja, amepakiwa kwenye tela la pawatila ya jirani, ile trekta ndogo ya magurudumu mawili, amekaa juu ya kiti cha plastiki kama askofu.

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno, yakakimbia yote. Nikasema tu, "Ramani niliyowaletea mwezi uliopita nimeikosea mimi. Shuleni si salama."

Kelele. Mzee Silvano alinyanyua mkono mpaka zikapungua. "Binti, tulipiga kura hapa. Kibao kimeshachimbiwa. Unataka tuonekaneje huko wilayani?"

Mama Scolastica kwa nyuma: "Jana nyekundu, leo kijani. Hiyo ni ramani au kinyonga?"

Watu walicheka sana, na mimi nikacheka, maana ni kweli. Halafu nikamwuliza, "Mama Scolastica, mlango wako una mstari wa 98?"

"Unao."

"Uko wapi mlango wako leo?"

"Ghalani, si fundi kanipachikia."

"Na siku ya Elinino ulikuwa wapi?"

Watu waliokuwa karibu naye walianza kugeukiana. "Mtoni," akasema. "Eh. Mlango ulikuwa Mtoni." Niliona inavyopita kwenye uwanja, mtu kwa mtu, kila mmoja anarudi kichwani nyumbani kwake kuuliza mlango wake ulikotoka.

Kisha mimi na Fundi Evod tukaonyesha mpira, mbele ya watu wote, pale pale kwenye mteremko wa uwanja ambao hakuna aliyejua ni mteremko.

Bibi akaomba kusema. Hakusimama. "Mwaka wa Elinino nilianika mpunga Ghalani. Kama kuna aliyeuanika Shuleni anyooshe mkono tumwone, labda ni samaki."

Kura: sabini na tatu Ghalani, thelathini na tisa wabaki Shuleni. Lakini mwenyekiti amesema kibao hakitoki mpaka barua ya wilaya ifike, kwa sababu hakukiweka kwa mdomo na hatakitoa kwa mdomo. Nilimfuata nikamwambia mwenyekiti, maji hayasomi barua. Akaniambia, "Na wewe mwezi uliopita ulikuwa na uhakika hivi hivi."

Ni kweli nilikuwa nao.

10 Machi

Mvua. Barua bado.

16 Machi

Mvua. Nimepaka nguzo tatu rangi pale mtoni kwenyewe, njano, chungwa, nyekundu. Nyekundu ikiguswa, watu watoke. Bibi anasema nimeipamba kama harusi.

21 Machi

Mvua siku nzima. Barua bado. Mpunga umefika kiunoni, mzuri kweli, na huo ndio unaonitia wasiwasi: mtu hauachi mpunga mzuri.

27 Machi

Injinia amekuja mwenyewe na lori, matope hadi madirishani. Amehamisha mahema na dawa kwenda Ghalani kwa sahihi yake mwenyewe. Kibao kimebaki. Yule mtu bado anakimbilia Shuleni.

2 Aprili

Mvua. Nguzo ya njano imelowa.

8 Aprili

Mvua haikukatika. Upande wa milima ya Udzungwa ni mweusi tangu asubuhi, wanasema kijiji cha Kisawasawa vijito vimejaa. Nguzo ya chungwa, nusu. Nimemwomba mwenye pawatila asiipeleke shamba.

14 Aprili, Ghalani

Naandika nimekaa juu ya gunia.

Saa moja asubuhi nilikwenda kwenye nguzo, nyekundu ilikuwa imeshamezwa. Maji hayaji kwa kelele huku kwetu. Yanapanda tu kwenye majani, kimya, kama mtu anayenyemelea kuku. Nikakimbia kwa mwenyekiti. Alikuwa ameshavaa mabuti. Hakuniuliza kitu, alikwenda kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa ofisini, akaigonga mpaka mkono ukachoka, kisha akampa mwingine.

Nilimpakia Bibi kwenye tela. Amechukua sufuria mbili, rozari na mbegu za maboga. Alipovuka kizingiti aliigusa fremu, akaipigapiga kama ng'ombe. "Utakuja baadaye," akaiambia.

Kufika njia panda nikaona kile nilichokuwa nakiogopa mwezi mzima. Watu wanaotoka mashambani, ambao hawakuwa mkutanoni, wamefuata kibao. Familia nane, kumi, watoto wamebebwa mabegani, wanakata kwenda Shuleni, na maji yako kwenye vifundo vya miguu. Nikashuka nikaanza kupiga kelele, Ghalani, nendeni Ghalani. Mwanaume mmoja akaniambia, "Dada, kibao kinasema huku." Nikamwambia kibao kimekosea. "Wewe ndiye unayejua kuliko wilaya?"

Hapo nikamwona Mzee Silvano. Anatoka upande wa Shuleni, maji magotini, na kichwani amebeba kibao. Amekichimbua na nguzo zake zote mbili, zege linaning'inia kwenye ncha, na yule mtu anayekimbia yuko kifudifudi juu ya kofia yake. Amelowa hadi shingoni. Akapita katikati ya wale watu bila kusimama.

"Mnafuata kibao?" akasema. "Kibao kinakwenda Ghalani. Kifuateni."

Wakamfuata. Wote. Hata yule bwana aliyeniuliza kuhusu wilaya.

Alipofika kwangu akasema, "Usicheke. Ni kizito." Nikashika nguzo moja tukaenda nayo.

Saa saba mchana: maji yamesimama kwenye mkorosho wa njia panda. Pale pale. Bibi ametuma mtoto wa jirani amwambie mwenyekiti kwamba mkorosho unamsalimia.

Tumehesabu watu mia nne na kumi na wawili. Hakuna anayekosekana. Nimeandika tena, maana nataka kulisoma: hakuna anayekosekana.

15 Aprili

Tumekwenda Shuleni kwa mtumbwi. Darasa la tatu maji yamefika chini ya ubao. Nimepima ukutani nikiwa ndani ya mtumbwi: sentimita themanini na saba. Mzee Silvano alishika tepu upande wa chini. Tulipotoka akasema, "Barua bado haijafika."

21 Aprili

Maji yanapungua. Nusu ya mpunga wa chini umelala. Ule wa juu umesimama. Ugali na maboga. Fundi Evod anachonga makasia na anamfundisha kila mtu kazi yake, hata asiyetaka.

6 Mei

Barua imefika. Inaelekeza kwamba pa kukimbilia pawe Ghalani. Mwenyekiti ameisoma mbele ya watu waliokaa Ghalani wiki tatu. Amesoma kwa heshima zote, hadi muhuri. Kisha akaikunja, akasema, "Tumepokea." Watu wamecheka mpaka wengine wakalala kwenye mkeka.

12 Mei

Injinia Valentino amenipigia. Fomu mpya ya kupimia imetoka, itatumika vijiji vyote vya bondeni, na hata upande wa pili wa mto. Nimemwomba anisomee safu zote. Ya kwanza jina la mwenye nyumba, ya pili kitongoji, akaendelea. Ya tisa: Mlango au fremu ilikuwa wapi siku ya maji? Ya kumi: Kama hakuna alama, acha wazi.

Safu mbili. Nimewaambia wateja wote sokoni leo, hata aliyeleta chaji tu. Injinia ameniuliza kama nitawafundisha wenzangu wale wanne mpira wa maji. Nikamwambia mwalimu ni Fundi Evod, mimi ni wa kushika ncha.

19 Mei

Mtoni kumekauka ya kutosha kupita. Nyumba yetu haipo. Kuta zimeshuka zote nne, zimekuwa rundo la udongo lenye majani yaliyoanza kuota juu. Katikati ya rundo fremu imesimama peke yake, wima kabisa, kama kuna mtu anataka kupiga hodi. Tope limeishika usawa wa kifua changu, na juu ya tope mti ni msafi.

Bibi amekuja na tela. Fundi Evod akashusha jembe na msumeno. Tunahamia Ghalani, kiwanja kiko karibu na kwa Mama Scolastica, ameshaanza kumwambia Bibi kuku wake wasivuke mpaka.

Fundi alipoanza kuchimba mguu wa kwanza, Bibi akasema, "Subiri, Evod. Kwanza mtoto aiandikie."

Akanipa msumari. Nilipima juu ya tope kwa tepu, mara mbili, nikauchora mstari, juu kuliko ule wa 98, vidole vinne. Nikaandika mwaka. Nikafikiri nimemaliza, nikarudi nyuma kuutazama.

"Na mahali," Bibi akasema.

Nikasogea tena, nikakwangua polepole maana mninga mgumu, herufi kubwa: MTONI. Kisha nikashuka nikaandika vilevile pembeni ya 98, na pembeni ya mwaka juzi, mpaka mistari yote mitatu ikawa na kwao.

Fundi Evod akaitoa nzima. Tumeifunga kwenye tela, imelala, na Bibi amekaa juu yake, ndiyo safari yake ya pili, na hajalalamika.